Kimepangwa, kimepimwa, kina hati: mambo matatu ya kuelewa kabla hujanunua kiwanja cha kwanza

Pita njia ya Kibaha, Bagamoyo au Chanika, au fungua simu yako usiku, utakutana na tangazo lile lile: viwanja vimepimwa, hati ipo, karibu na barabara ya lami, lipa kidogo kidogo. Anayeanza kuwekeza anasoma maneno hayo kana kwamba yote yanasema jambo moja, yaani kiwanja ni salama, leta hela. Sivyo. Kiwanja kinaweza kuwa kimepimwa na kisiwe na hati. Kinaweza kuwa na hati, lakini anayekuuzia akawa si yeye aliyeandikwa kwenye hati hiyo. Kinaweza hata kuwa na hati halali mkononi mwa mwenye nayo halisi, na bado usiruhusiwe kujenga pale zile nyumba za kupangisha ulizokwisha kuzipigia hesabu.

Wengi wanaopoteza fedha kwenye ardhi hawapotezi kwa sababu walinunua bei ghali. Wanapoteza kwa sababu walilipa kwanza, wakauliza baadaye. Ndiyo maana sehemu kubwa ya makala haya inahusu karatasi na mpangilio wa hatua. Hesabu ya nyumba ya kupangisha inakuja baadaye, maana hesabu nzuri juu ya kiwanja cha mtu mwingine haina faida.

Yanayoelezwa hapa ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za ardhi, na Kenya nako mambo ni tofauti: huko raia anaweza kuwa na milki huru isiyo na ukomo wa miaka, jambo ambalo Bara halipo.

Unanunua nini hasa

Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, ardhi yote ni mali ya umma na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Mtu hauziwi udongo. Anapata haki ya kuutumia kwa muda maalumu na kwa masharti. Haki hiyo inaitwa hakimiliki, na karatasi inayoithibitisha ndiyo hati. Muda wake huwa miaka 33, 66 au 99. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji mwenye hati si bei. Ni hili: hati hii ilianza mwaka gani, na imebakiza miaka mingapi?

Sheria inagawa ardhi katika makundi matatu. Ardhi ya hifadhi, kama misitu, mbuga, na maeneo ya barabara na kingo za maji, hiyo usiiguse hata ukipewa bure. Ardhi ya jumla ndiyo ya mijini kwa sehemu kubwa, na ndiko hati za miaka 33 hadi 99 zinakotolewa. Ardhi ya vijiji iko chini ya halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji, na karatasi yake ni hati ya hakimiliki ya kimila. Shamba la ekari tano lililoko kijijini, hata kama liko dakika arobaini tu kutoka mjini, halihamishwi kwa makubaliano ya wawili chini ya mwembe. Halmashauri ya kijiji lazima iridhie, na ridhaa hiyo iandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Ukipewa mhuri wa mwenyekiti peke yake bila muhtasari, bado hujafika.

Asiye raia hawezi kumiliki ardhi kwa namna ya kawaida. Njia yake ni uwekezaji ulioidhinishwa kupitia mamlaka ya uwekezaji. Kumwandikisha rafiki au mchumba Mtanzania jina lake kwenye hati ili "akushikie" ni kumpa kiwanja. Mahakama inamtambua aliyeandikwa.

Kupangwa, kupimwa, kumilikishwa

Hizi ni hatua tatu tofauti, kila moja na karatasi yake. Serikali yenyewe inaziita hivyo hivyo katika programu yake ya KKK: kupanga, kupima na kumilikisha. Ukizitenganisha kichwani, nusu ya matangazo ya viwanja yanaanza kusomeka vizuri.

Kupangwa ni kuchora. Wataalamu wa mipango miji wa halmashauri wanachora eneo lote na kuonyesha makazi yatakuwa wapi, biashara wapi, shule, zahanati, barabara, maeneo ya wazi. Mchoro ukiidhinishwa, ndio unaosema ardhi ile itumike kwa nini. Hapa ndipo penye mtego ambao wengi hawauoni: eneo linaweza kuwa limepangwa kwenye karatasi huku ardhini watu wanauziana wanavyojua. Kiwanja kizuri cha kona ulichoonyeshwa, kwenye mchoro kinaweza kuwa uwanja wa mpira wa shule ambayo bado haijajengwa. Aliyekuuzia wala hakukusudia kukudanganya, hajawahi kuuona mchoro.

Kupimwa ni kazi ya mpima ardhi aliyesajiliwa. Anaweka bikoni, yaani nguzo ya mpaka, kwenye kila pembe, anachukua vipimo vyake vya majira ya nukta, yaani mahali hasa ilipo kwenye ramani, anaandaa ramani ya upimaji, na ramani hiyo inaidhinishwa na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani. Baada ya hapo kiwanja kinapata namba na kitalu, yaani jina la kundi la viwanja kilimo, na ramani inapata namba yake ya usajili. Kuona bikoni si ushahidi wa kutosha. Nguzo fupi ya zege yenye chuma katikati inafyatuliwa na fundi yeyote wa matofali, na zipo sehemu ambako madalali wamezisimika wenyewe ili eneo lipendeze machoni pa wanunuzi. Muulize muuzaji namba ya ramani iliyoidhinishwa. Akikuambia "upimaji unaendelea", maana yake hakijapimwa.

Kumilikishwa ndiyo hatua ya mwisho. Anayestahili anapewa barua ya toleo, ambayo mtaani tunaiita ofa, anatakiwa kulipa ada zilizotajwa ndani ya muda uliowekwa, kisha hati inaandaliwa na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati. Ofa ambayo ada zake hazikulipwa ndani ya muda haimpi mtu kiwanja. Ukiuziwa ofa, dai stakabadhi za malipo yote yaliyotajwa ndani yake, moja baada ya nyingine.

Kuna karatasi nyingine mbili zinazochanganya watu. Leseni ya makazi ilitolewa kwenye maeneo yaliyojengwa bila mpango. Inatambua kwamba mtu anaishi pale, lakini ni ya muda mfupi na lazima ihuishwe. Haiwezi kusimama badala ya hati. Urasimishaji nao ni zoezi la kuyapanga na kuyapima makazi ambayo tayari yamejengwa, na wakazi huchangia gharama. Mtu anayekuuzia nyumba kwenye mtaa uliorasimishwa anaweza kuwa na namba ya kiwanja bila kuwa amelipia hati. Hilo si kosa, ila bei ya nyumba yenye namba tu isilingane na bei ya nyumba yenye hati, maana gharama na usumbufu wa kumalizia vitakuwa vyako.

Mhuri wa serikali ya mtaa unasema nini

Imani iliyoenea kuliko zote ni kwamba mkataba uliogongwa mhuri wa serikali ya mtaa unatosha. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kushuhudia kwamba fulani na fulani wamekuja mbele yake wakasaini. Anaweza kuthibitisha kwamba muuzaji anajulikana pale. Hana daftari la kumwonyesha kama kiwanja kimewekwa rehani benki, kama kuna kesi, au kama mtu mwingine ana hati ya kiwanja hicho hicho. Ni kama kununua gari kwa kuwa majirani wote wanasema ni la yule bwana, bila kuomba kuona kadi.

Ile asilimia 10 ya bei ambayo baadhi ya ofisi za mitaa hudai mnunuzi alipe "kwa utaratibu" haimo kwenye Sheria ya Ardhi. Ukidaiwa, omba uonyeshwe maandishi yanayoihalalisha, na omba stakabadhi ya serikali.

Kwa kiwanja chenye hati, daftari lenye jibu liko kwa Msajili wa Hati, na siku hizi huduma hiyo inapatikana kupitia ofisi za ardhi za mikoa. Zoezi lenyewe linaitwa upekuzi. Unapeleka namba ya hati, namba ya kiwanja na kitalu, unalipa ada ndogo kwa namba ya malipo ya serikali, na unapewa majibu ya maandishi: nani mmiliki aliyesajiliwa, hati ni ya miaka mingapi, kuna rehani au la, kuna zuio lililowekwa na mtu yeyote au la. Fanya mwenyewe au kupitia wakili wako. Majibu ya upekuzi yaliyoletwa na muuzaji usiyapokee, hata yakiwa na mhuri mzuri namna gani. Na yakiwa ya miezi mitatu iliyopita, rudia, kwa sababu rehani inaweza kusajiliwa siku moja baada ya upekuzi wa kwanza.

Ukishapata majibu, linganisha jina la kwenye hati na kitambulisho cha NIDA cha anayeuza. Yasipolingana, kuna maelezo machache tu yanayokubalika, na kila moja lina karatasi yake. La kwanza ni kifo: basi anayeuza awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Ikiwa ni mahakama ya mwanzo, ataonyesha fomu namba 4. Muhtasari wa kikao cha ukoo peke yake haumpi mtu mamlaka ya kuuza. Mashauri mengi kwenye mabaraza ya ardhi yanaanzia hapa, kaka mkubwa ameuza nyumba ya marehemu baba, na wadogo zake watano wanakuja kulalamika wakati mnunuzi ameshapandisha ukuta. La pili ni uwakilishi: basi kuwe na hati ya uwakilishi iliyosajiliwa, na utafute njia ya kuzungumza na mwenye mali mwenyewe, kwa video, umwone uso. Hili linawahusu pia ndugu zetu walioko Muscat au Ulaya wanaonunua wakiwa mbali. Usimpe hati ya uwakilishi mtu yule yule anayekutafutia kiwanja, na mlipe muuzaji moja kwa moja benki.

Halafu kuna mwenza. Chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, nyumba ya wanandoa haiwezi kuuzwa wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi, hata kama hati ina jina moja tu. Mwenza asaini ridhaa yake mbele ya wakili. Muuzaji akisema hajaoa au ameachana, aape kiapo cha maandishi, na uwaulize majirani kimya kimya. Majirani wanajua.

Nenda ardhini, na nenda wakati wa masika

Upekuzi unakuambia habari za karatasi. Hauwezi kukuambia kwamba kiwanja kinageuka bwawa kila Aprili. Kagua eneo kati ya Machi na Mei kama unaweza. Kama huwezi, angalia kuta za nyumba za jirani uone kama kuna mstari wa tope uliokauka, na uulize maji hufika wapi. Nyasi ndefu za kijani kiangazi katikati ya eneo kavu ni dalili ya maji ya karibu, na msingi wake utakugharimu.

Kuna mistari isiyoonekana ambayo ni hatari zaidi kuliko tope. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, ukingo wa ziwa au mto. Desemba 2015 nyumba nyingi za bonde la Msimbazi zilivunjwa kwa sababu hiyo. Barabara kuu na za mikoa nazo zina hifadhi yake: tangu Sheria ya Barabara ya 2007 ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, badala ya 22.5 za zamani. Zipo sehemu zenye hifadhi pana kuliko hiyo. Barabara ya Morogoro upande wa Kimara ilikuwa na mita 121.5 kila upande, na mwaka 2017 nyumba zilizokuwamo zilibomolewa, zikiwamo za ghorofa. Watu walikuwa wameishi pale miaka mingi, wamewekewa umeme na maji, wamelipa kodi ya jengo. Hayo yote hayakuwasaidia. Kuunganishiwa umeme hakuthibitishi kwamba kiwanja ni halali, na hili narudia kwa sababu madalali hulitumia kila siku: "mama, umeona nguzo ya umeme ile? Serikali isingeweka." Shirika la umeme linaunganisha mteja, halihakiki hati.

Chini ya nyaya za umeme mkubwa nako kuna eneo lisilojengwa. Ukiona minara ya chuma inapita juu ya kiwanja au kando yake, nenda ofisi ya TANESCO ya eneo hilo uulize upana wa njia kabla ya jambo lingine lolote.

Sasa vipimo. Kwenye maeneo ambayo hayajapimwa, viwanja huuzwa kwa hatua: 20 kwa 20, 15 kwa 20. Tuseme umeambiwa 20 kwa 20 kwa shilingi milioni 6. Kichwani unapata mita za mraba 400, yaani shilingi 15,000 kwa kila mita ya mraba. Lakini hatua ya mtu anayetembea kawaida ni kama sentimita 75. Hatua 20 zinakuwa mita 15, na 15 mara 15 ni 225. Umelipa zaidi ya 26,600 kwa mita ya mraba, na nyumba uliyochorewa haitaenea pamoja na choo, shimo la maji taka na nafasi ya kuacha kwa jirani. Shamba nalo huuzwa ekari kwa hatua 70 kwa 70. Ekari kamili ni mita za mraba 4,047, na ili hatua 70 zifike hapo lazima kila moja iwe kama sentimita 91, yaani mtu mrefu anayetanua miguu kwa makusudi. Beba futi kamba ya mita 50 inayopatikana duka lolote la vifaa vya ujenzi. Pima pande zote nne, kisha pima kona kwa kona mara mbili. Urefu wa kona mbili usipolingana, kiwanja hakina pembe mraba, na eneo halisi ni dogo kuliko unavyodhani.

Kama kiwanja kimepimwa, mlipe mpima ardhi aliyesajiliwa afufue mipaka. Atachukua majira ya nukta kutoka kwenye ramani iliyoidhinishwa na kuonyesha kila bikoni inapaswa kuwa wapi. Ni gharama ndogo ukilinganisha na hasara ya kujenga mita tatu ndani ya kiwanja cha jirani. Waite majirani wa pande zote waone, na waandikwe kwenye mkataba kama mashahidi wa mipaka.

Kiwanja kinachouzwa na kampuni kwa awamu kina maswali yake. Hati ya shamba zima lililogawanywa iko kwa jina la nani? Mchoro wa mgawanyo umeidhinishwa, au ni picha tu ya kwenye tangazo? Ukichelewa awamu moja, unatozwa, unarudishiwa, au unapoteza vyote? Hati ya jina lako inatoka baada ya miezi mingapi tangu umalize kulipa, na nani analipia? Majibu yawe kwenye mkataba. Ahadi ya kwenye simu haihesabiki, kwa kuwa Sheria ya Ardhi inataka mkataba wa kuuza ardhi uwe wa maandishi.

Fedha itoke lini

Mtafute wakili wako mwenyewe, asiwe yule aliyeletwa na dalali. Jina lake unaweza kulihakiki kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, uone kama ana leseni hai ya mwaka huo. Malipo yapitie benki, kutoka akaunti yako kwenda akaunti yenye jina lile lile la kwenye hati. Kama muuzaji anataka malipo ya awali, yawe sehemu ndogo, na mkataba useme yatarudishwa lini ikiwa uhamisho utakataliwa. Sehemu kubwa itoke nyaraka za uhamisho zikiwa zimeshasainiwa: fomu namba 29 ya kutoa taarifa, namba 30 ya kuomba kibali cha uhamisho, na namba 35 yenye uhamisho wenyewe.

Kisha kuna kodi. Muuzaji mkazi kwa kawaida hulipa asilimia 10 ya faida aliyoipata, na bila kodi hiyo kulipwa uhamisho haukamiliki. Mtaani wauzaji wengi hutaja bei "mkononi", maana yake kodi hiyo inasukumwa kwako. Jadilianeni mapema na mwandike. Ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya thamani, na juu yake kuna ada za kibali na usajili, pamoja na za mthamini na wakili. Weka akiba ya fedha hizi pembeni kabla ya kukubali bei. Wanaoshindwa kumaliza uhamisho kwa kukosa akiba hii hubaki na mkataba kabatini, huku daftari la msajili likiendelea kumtambua muuzaji. Akikopa benki kwa hati hiyo, shida ni yako.

Je, nyumba ya kupangisha inalipa?

Tuchukue mfano wenye tarakimu nyepesi. Kiwanja chenye hati milioni 15, jengo la vyumba sita vya kupangisha milioni 45, jumla milioni 60. Kila chumba shilingi 80,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 5,760,000, sawa na asilimia 9.6 ya fedha uliyoweka. Hapa ndipo wengi wanapoacha hesabu.

Endelea. Kila chumba kitakaa wazi wastani wa mwezi mmoja kwa mwaka, mpangaji akihama na mwingine akitafutwa, hapo imeondoka 480,000. Kodi ya serikali ya asilimia 10 juu ya pango lililopokelewa ni 528,000. Matengenezo ya vitasa, mabomba, rangi na bati, tenga walau asilimia 1 ya gharama ya jengo kila mwaka: 450,000. Gari la maji taka mara mbili, tuseme 200,000. Kodi ya jengo la kawaida inayokatwa kupitia LUKU ni 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000. Unabaki na takriban 4,084,000, sawa na asilimia 6.8, kabla ya kodi ya pango la ardhi, ambayo mwenye hati huilipa serikalini kila mwaka, na muda wako mwenyewe wa kufuatilia wapangaji.

Asilimia 6.8 si kitu cha kudharau, lakini hatifungani za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba, za miaka 20 na 25 zimekuwa zikitoa zaidi ya asilimia 10, unaanza na shilingi milioni 1, na hazivuji mvua ikinyesha. Kinachoitetea nyumba ni mambo mawili: pango linaweza kupanda pamoja na bei za vitu vingine, na kiwanja kinaweza kupanda thamani. Neno ni "kinaweza". Kinapanda pale barabara inapofunguliwa, maji yanapofika, chuo au kiwanda kinapojengwa. Kiwanja kilichoko mbali na vyote hivyo kinaweza kukaa miaka kumi bei ikiwa ile ile ukiondoa mfumuko wa bei.

Mkopo wa benki unaibadilisha picha kabisa. Riba za mikopo ya nyumba nchini zimekuwa kati ya asilimia 13 na 19. Ukikopa kwa 15 ili upate 6.8, kila mwezi unaongeza fedha kutoka mfukoni. Kwa anayeishi kwenye nyumba hiyo mwenyewe kuna hoja. Kwa anayenunua ili apangishe, tarakimu hazikubali.

Kosa la ujenzi linaloua mitaji mingi ni kuanzisha jengo kubwa kuliko fedha. Boma linasimama haraka na kutia moyo. Kisha zinakuja bati, milango, madirisha, plasta, sakafu, umeme, mabomba, vyoo, na hatua hizo mara nyingi hula fedha sawa na boma au zaidi. Pagale halilipi pango. Ni afadhali vyumba viwili vilivyokamilika na wapangaji ndani, msingi wa vingine ukisubiri. Kabla ya tofali la kwanza, pata kibali cha ujenzi kutoka halmashauri, na usome masharti ya hati: matumizi ni makazi au biashara, na muda wa kuendeleza kiwanja ni upi, kwa kawaida miezi 36.

Kwa hesabu ya haraka, mita moja ya mraba ya ukuta wa tofali za inchi sita inataka tofali kama 10 pamoja na zitakazovunjika. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ukitoa tofali 25 hadi 30 ni nzuri. Anayefyatua tofali 45 kwa mfuko mmoja anakuuzia mchanga. Zidondoshe chache kutoka usawa wa kiuno kabla hujapokea lori zima.

Na kila stakabadhi ya EFD ya saruji, nondo, mbao na bati, pamoja na mikataba ya mafundi na risiti za kodi ya pango la ardhi ya kila mwaka, iweke kwenye faili moja na hati. Siku ukiuza nyumba hiyo kwa milioni 80, faida inayotozwa asilimia 10 ni milioni 20 kama unaweza kuthibitisha kwamba ulitumia 15 kununua na 45 kujenga. Zile 45 zisipokuwa na stakabadhi, hutaweza kudai zitambuliwe kama gharama yako.